Dawa za thiroidi kwa paka na mbwa

Dawa hizi huizuia tezi ya thiroidi, iliyo shingoni, kutengeneza homoni kupita kiasi. Zinazotumika zaidi ni methimazoli na kabimazoli. Hii ya pili hugeuka kuwa methimazoli ikishaingia mwilini.

Ugonjwa wenyewe, yaani homoni hiyo kuzidi, ni wa paka wazee, hasa waliopita miaka 10, na ulielezwa kitaalamu Marekani mwaka 1979. Kwenye ghorofa za Huruma, Nairobi, ambako paka hufugwa kwanza kwa sababu ya panya, ni rahisi kutoutambua. Paka anakula sana huku akikonda, anakunywa maji mengi, hatulii, na moyo unamwenda mbio. Jirani atasema ni minyoo. Kinachoamua ni kupima T4, homoni ya thiroidi, kwenye damu, na kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, upande wa pili wa jiji.

Mara nyingi paka huanzishiwa miligramu 2.5 za methimazoli mara mbili kwa siku, kisha damu hupimwa tena baada ya wiki chache. Dawa haiponyi: ikiachwa, homoni hupanda upya. Inaweza kuleta kutapika, kujikuna uso au upungufu wa seli nyeupe za damu, na wakati mwingine hufichua ugonjwa wa figo uliokuwa umejificha. Kwa hiyo kumkatia paka kidonge cha binadamu kwa kukisia ni kumhatarisha.

Kwa mbwa hali hii ni nadra, na kwa kawaida chanzo ni saratani ya tezi. Hapo upasuaji hutangulia. Dawa hupunguza dalili tu, haizuii uvimbe kukua.