Mfalme, Marafiki na Selo

Mwaka 1796 Ludwig van Beethoven, kijana wa miaka 25, aliingia Berlin akitafuta jina na riziki nje ya Vienna. Mfalme wa Prussia wakati huo, Friedrich Wilhelm II, alikuwa na mapenzi makubwa na selo, na aliipiga mwenyewe. Mwalimu wake alikuwa Mfaransa Jean-Pierre Duport, aliyehamia Berlin tangu 1773. Mdogo wake Jean-Louis, aliyekuja kumpita kwa ufundi, alimfuata baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kuanza. Habari hizo zilikuwa zimeenea kwa watunzi. Boccherini, aliyekuwa akiishi Hispania, alipewa cheo cha mtunzi wa mfalme huyo, na Mozart naye alikuja kubisha hodi mwaka 1789.

Selo ni ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito, na wapenzi wa taarab ya Unguja wanaijua vizuri. Zama zile haikuwa na mguu wa chuma wa kuisimamisha, hivyo mpigaji aliibana kwa mashavu ya miguu. Ilipokaa na piano sebuleni, kazi yake kwa kawaida ilikuwa kufuata mkono wa kushoto wa mpiga piano na kuzitia nguvu noti za besi. Piano za siku hizo zilikuwa na fremu ya mbao na sauti nyembamba, kwa hiyo msaada huo ulihitajika kweli.

Beethoven alipiga mbele ya mfalme sonata mbili mpya, akiwa pamoja na mmoja wa wale ndugu wawili, akina Duport. Ya kwanza inaanza taratibu, vyombo vyote viwili vikitamka noti zilezile kwa pamoja. Mwendo unapochangamka, wimbo unashikwa kwanza na piano, ndipo selo inapopewa zamu yake. Zamu hiyo ndiyo iliyokuwa mpya. Hata hivyo piano bado ilijaa madoido, maana kijana alikuja kuonyesha vidole vyake. Tena, katika sonata zote mbili hakuna sehemu ya katikati ya mwendo wa taratibu. Kuvipatanisha vyombo hivi katika mwendo huo ni kazi: noti ya selo hudumu kadiri upinde unavyovutwa, ilhali ya piano huanza kufifia mara nyundo inapogonga uzi.

Mfalme alimtunuku kijiboksi cha dhahabu cha ugoro kilichojaa sarafu za dhahabu, na Beethoven alijisifia zawadi hiyo miaka mingi baadaye. Sonata zilichapishwa Vienna 1797 kwa heshima ya mfalme. Novemba ya mwaka huohuo mfalme akafariki.

Hatua zilizofuata hazikudhaminiwa na ikulu. Sonata ya tatu, iliyochapishwa 1809, Beethoven alimtunukia rafiki yake Ignaz von Gleichenstein, aliyepiga selo kwa kujifurahisha. Humo selo inaanza peke yake, chini kabisa, ikiutoa mwanzo wa wimbo bila kusindikizwa, na piano ndiyo inayoitikia. Mwaka huo ilipigwa na Nikolaus Kraft, na kwenye piano alikaa mwanafunzi wa Beethoven, Dorothea von Ertmann.

Mwishoni mwa Desemba 1814 moto uliteketeza kasri la Razumovsky, mwanadiplomasia wa Kirusi mjini Vienna, na kundi lake la wanamuziki likatawanyika. Mpiga selo wao, Joseph Linke, alipokelewa na Marie von Erdödy, mpiga piano na rafiki wa Beethoven. Kiangazi cha 1815 Beethoven, ambaye sasa masikio yalikuwa yamemharibikia vibaya, aliandika sonata mbili za mwisho kwa ajili yao. Katika ile ya pili hatimaye akatoa sehemu kamili ya taratibu, halafu akafunga kwa fyuga, mtindo ambao sauti moja hutanguliza wimbo na nyingine huudaka kwa zamu, pasiwe na mtumishi wala bwana.

Dhahabu ya Berlin ilizawadia sonata mbili tu. Tatu zilizobaki, ambamo usawa ulikamilika, zilitokana na watu waliojuana na kupiga pamoja majumbani. Njia hiyo haikufa. Chopin alitunga sonata yake kwa ajili ya rafiki yake Auguste Franchomme, na Februari 1848, katika onyesho la mwisho la Chopin mjini Paris, waliipiga wawili hao katika ukumbi mdogo wa Pleyel, wakaiacha sehemu ya kwanza.