Fundi Juu ya Mkia wa Ndege

Vita vya anga vinapoelezwa, sifa huwaendea marubani. Wanaobaki chini husahauliwa, kana kwamba hatari huanza ndege inapoacha ardhi. Tukio la mwaka 1945 katika kiwanja cha kijeshi cha Hibaldstow, Uingereza, lathibitisha kinyume chake.

Ndege ya kivita aina ya Spitfire ilikuwa na injini nzito mbele na mkia mwepesi nyuma. Upepo ulipovuma kwa nguvu, iliweza kuinama ikachimba ardhi kwa pua. Kwa hiyo fundi aliukalia mkia ndege ilipokuwa ikienda kwenye njia ya kurukia. Hapo rubani alisimama kidogo ili fundi ashuke. Siku hiyo aliyeukalia alikuwa Margaret Horton, fundi wa kikosi cha wanawake cha Jeshi la Anga. Rubani, asijue kwamba yuko nyuma, hakusimama. Ndege ikapaa naye akiung'ang'ania mkia.

Rubani alihisi ndege haimtii, asielewe sababu. Mnara wa kuongozea ndege ulimwamuru atue bila kumweleza kilichokuwa nyuma yake. Akatua salama, na Horton akanusurika.

Kosa halikuwa la mtambo wala la adui. Uhai wa fundi ulitegemea kituo kifupi tu. Kiliporukwa, hapakuwa na kinga nyingine. Haraka ya vita humfanya askari adhani kwamba lililofanyika jana limefanyika na leo. Ndiyo maana ishara haijakamilika mpaka aliyepewa aijibu.