Kidole, Pua na Kisogo

Yeyote anayefanya kazi ya fiziotherapia, awe Tanga au London, amewahi kumwambia mgonjwa aguse pua yake kwa kidole, kisha aguse kidole cha mpimaji, arudie tena na tena. Wagonjwa wangu huniita daktari wa mazoezi, na wengine hununa wakidhani nawapima ulevi, maana mtaani wameshaitwa walevi vya kutosha kwa jinsi wanavyoyumba. Kipimo hiki nimekitumia tangu chuoni. Naamini sisi tunaokitumia tuna deni la kujua historia yake. Kwa sehemu kubwa kilinolewa kwenye vichwa vya vijana waliopigwa risasi, na kwa miaka mingi kilitufanya tuutazame mkono tukamsahau mwenye mkono.

Kinachopimwa ni serebelamu, ule ubongo mdogo ulio kisogoni, chini ya ubongo mkubwa. Uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Hata hivyo, mwaka 2009 timu ya Suzana Herculano-Houzel huko Brazil ilipochapisha hesabu ya seli za neva za ubongo wa binadamu, zilikuwa kama bilioni 86, na bilioni 69 kati ya hizo zilikuwa ndani ya serebelamu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Franz Joseph Gall alifundisha kwamba hapo ndipo makao ya tamaa ya mwili. Mfaransa Pierre Flourens hakukubali kuamini bila jaribio. Alichukua njiwa, akawakata serebelamu tabaka kwa tabaka, na mwaka 1824 akaeleza alichokiona: njiwa waliendelea kuona, kusikia na kutaka kwenda, mabawa na miguu vikicheza, ila hawakuweza tena kusimama wala kuruka kwa mpangilio. Akahitimisha kwamba kazi ya serebelamu ni kuratibu mwendo, na fikra zina mahali pengine. Kwa njiwa ilikuwa hoja nzuri. Lakini njiwa haulizwi kama bado anajua kupanga siku yake.

Aliyeitoa elimu hii kwa wanyama wa maabara akaileta kwa binadamu kwa usahihi kuliko wote ni Gordon Holmes, daktari aliyezaliwa Ireland mwaka 1876. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, jeshi la Uingereza lilimkataa kwa sababu ya macho mabovu. Akaenda Ufaransa kwa njia ya Msalaba Mwekundu, na baadaye akafanya kazi katika hospitali ya jeshi mjini Boulogne. Askari walikuwa kwenye mahandaki. Kofia za chuma za Waingereza, zilizoanza kugawiwa mwaka 1915, zilikaa kichwani kama sinia lililofunikwa, kisogo kikabaki wazi. Majeruhi wakawa wanaletwa na vipande vya chuma kisogoni, wengi wao vijana waliokuwa wazima kabisa siku moja kabla.

Hapo ndipo ninapomheshimu sana. Serebelamu huhudumia upande wake wenyewe wa mwili, kwa hiyo aliyejeruhiwa kulia huharibikiwa mkono wa kulia. Holmes akawa na mkono mgonjwa na mkono mzima kwa mtu mmoja, katika dakika moja. Alilinganisha kila kitu: mkono umechelewa kuanza kiasi gani, umekosa nguvu kiasi gani, umepitiliza shabaha au umeishia njiani, mtetemeko unaongezeka vipi kidole kinapokaribia pua. Alifunga taa ndogo kwenye kidole na kupiga picha ya njia yake, mstari ulionyooka upande mzima, na upande wa pili mstari uliopindapinda. Alichapisha kazi ya majeruhi hao mwaka 1917.

Kipimo kingine alichokieleza na Thomas Grainger Stewart mwaka 1904 nakifanya kwa tahadhari mpaka leo. Mgonjwa anakunja kiwiko na kuvuta mkono kuelekea bega, nami namshikilia kwenye kifundo cha mkono. Kisha namwachia ghafla. Mwenye serebelamu nzima hujizuia papo hapo. Mwenye jeraha hajizuii. Ngumi hurudi kwa nguvu zote. Ndiyo maana kabla ya kuachia, mkono wangu wa pili unakuwa umeshakinga uso wake.

Katika mhadhara aliouchapisha mwaka 1939, Holmes alitaja mgonjwa aliyemwambia kwamba mkono wa kushoto hujiendea wenyewe, ila wa kulia inambidi aufikirie kila hatua. Maneno hayo tungeyasikiliza vizuri zaidi. Kazi ambayo serebelamu ilikuwa ikiifanya kimyakimya sasa ilikuwa imeiangukia akili. Lakini kipimo kilikuwa cha mkono, na jibu likaandikwa chini ya mkono.

Kimya hicho kuhusu fikra kilianza kuvunjika miaka ya 1980. Henrietta na Alan Leiner, watu wa kompyuta, pamoja na daktari Robert Dow, waliuliza mwaka 1986 kama serebelamu haisaidii pia kufikiri. Mwaka 1988 watafiti wa St. Louis waliwapa watu nomino wakitaka kitenzi kinachoiendea, mathalani wakipewa kisu, waseme kata. Kwenye picha za ubongo, upande wa kulia wa serebelamu uliwaka zaidi kuliko pale mtu aliporudia tu neno. Mwaka 1998 Jeremy Schmahmann na Janet Sherman wa Boston wakaeleza wagonjwa 20 wenye maradhi ya serebelamu peke yake: kupanga kazi, kuokota maneno, kufikiri kwa mpangilio wa nafasi, hata hasira na haya, vyote vilikuwa vimeguswa.

Nililiona hilo kwa fundi cherehani aliyepata kiharusi cha serebelamu. Baada ya mazoezi ya miezi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila shida. Mkewe akaniambia, “Daktari, mikono imepona, ila hajui aanzie wapi. Sare ya shule anakata mikono kabla ya mwili, anaiacha, anashika nguo nyingine. Na hasira hizi hakuwa nazo.” Tukaandika hatua kwenye kipande cha boksi: pima, chora kwa chaki, kata mbele, kata mgongo, kata mikono, shona, piga pasi. Tukakibandika ukutani juu ya cherehani, na akawa anafuata kwa kidole.

Timu ya Schmahmann ilitoa mwaka 2018 kipimo kifupi cha kando ya kitanda. Mgonjwa anataja wanyama kwa dakika moja, anarudia tarakimu kinyumenyume, anachora mchemraba, anaeleza vitu viwili vinafananaje. Pia anataja maneno yanayoanza na herufi fulani, na hapo ngeli za Kiswahili zinavuruga alama za Boston, kwani anayepewa herufi M ana nusu ya kijiji mdomoni. Holmes alikuwa na mkono mzima wa kulinganishia. Kwa upande huu wa akili, mimi nahitaji watu wenye afya wa Muheza, Korogwe na Pangani, wazee kwa vijana, waliosoma na wasiosoma, wakae nami dakika moja moja wataje wanyama, nijue ni wangapi kabla sijasema mtu amepungukiwa.