Kadi Zilizokuja Bila Kuombwa

Deni la kadi ya mkopo, kwa sura yake ya leo, lilianza kuenea kutoka Fresno, mji ulio katikati ya mashamba ya California. Mwezi Septemba 1958 Bank of America iliwatumia wakazi wake kadi 60,000 kwa posta. Hakuna aliyekuwa ameziomba. Kila kadi ilikuwa tayari kutumika, na aliyeipokea aliweza kukopa mamia ya dola madukani bila kuonana na ofisa yeyote wa benki.

Kadi zilikuwepo kabla ya hapo. Diners Club, iliyoanzishwa New York mwaka 1950, iliwalipia wateja bili za migahawa, lakini mwisho wa mwezi walitakiwa kumaliza deni lote. Maduka makubwa nayo yalikopesha, kila moja kwa daftari lake. Kadi ya Fresno ilikubaliwa na maduka mengi, tena ilimruhusu mteja kulipa kidogo kidogo, huku salio likitozwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka.

Joseph Williams, msimamizi wa mpango huo, alikadiria kwamba asilimia 4 ya akaunti zingechelewa kulipwa. Zilichelewa asilimia 22. Kadi ziliibwa, na kwa kuwa ununuzi mdogo haukuhitaji idhini ya benki, ulaghai ulishamiri. Hasara iliyotangazwa ilifika dola milioni 8.8, na Williams akaondoka mwaka 1959. Benki ilivumilia, na miaka michache baadaye kadi ikaanza kuleta faida.

Faida hiyo ndiyo iliyozivutia benki nyingine. Mwishoni mwa 1966 benki za Chicago zilimwaga mamilioni ya kadi kwa posta, zikawafikia hata watoto na marehemu. Watu walidaiwa kwa kadi ambazo hawakuziomba wala kuziona, kwa sababu mwizi alizichukua njiani. Hiyo ilikuwa dhuluma ya wazi, na bado Bunge la Marekani lilisubiri hadi 1970 kupiga marufuku kadi zisizoombwa na kuamua kwamba mwenye kadi iliyoibwa asibebeshwe zaidi ya dola 50. Mwaka 1974 iliongezwa haki ya kupinga makosa katika taarifa ya akaunti.

Mlango wa kuingilia kwenye deni ulikuwa umewekewa walinzi. Wa kutokea ulizidi kuwa mwembamba. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya benki ya Marquette, iliamua kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa katika jimbo ilikosajiliwa. South Dakota ikafuta kikomo chake cha riba, na Citibank ikahamishia huko shughuli zake za kadi. Sheria za riba za majimbo mengine zikabaki bila nguvu mbele ya benki kama hizo.

Uzito wa deni uko katika kiwango cha chini cha malipo kinachotakiwa kila mwezi. Anayedaiwa dola 1,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, akilipa dola 20, dola 15 zinamezwa na riba na deni linapungua kwa dola 5 tu. Kukata kadi kwa mkasi hakufungi akaunti, na hata akaunti ikifungwa, salio hubaki na riba huendelea. Kwa miaka mingi benki iliweza kupandisha riba ya deni la zamani kwa notisi ya siku 15.

Sheria iliyotiwa saini Mei 2009 ilibadilisha hayo. Notisi ikawa siku 45, na mteja akapewa haki ya kukataa masharti mapya kwa kufunga akaunti, kisha kulipa salio taratibu bila kudaiwa lote kwa mkupuo. Kupandisha riba ya salio la zamani kulizuiwa, isipokuwa katika hali chache, kama vile mteja kuchelewa kulipa kwa zaidi ya siku 60. Taarifa ya kila mwezi inapaswa kuonyesha deni litachukua muda gani kuisha kwa malipo ya chini, na kiasi cha kulipa ili liishe kwa miezi 36. Malipo yanayozidi kiwango cha chini huelekezwa kwanza kwenye salio lenye riba kubwa zaidi. Kikomo cha kitaifa cha riba ya kadi hakikuwekwa, na uamuzi wa 1978 haukuguswa.