Kingamwili na Kipokezi cha Mofini: Historia ya Chombo cha Maabara

Tangu mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alipoitenga mofini kutoka katika utomvu wa afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, matabibu waliifahamu vyema kazi yake, kwamba hutuliza maumivu, huleta usingizi, hupunguza kasi ya kupumua na humtia mtumiaji katika uraibu, ila hawakujua inashika wapi hasa mwilini. Wataalamu wa dawa waliamini kwamba lazima kuwe na kipokezi, yaani protini iliyo katika utando wa seli ya neva, inayoishika dawa na kuupeleka ujumbe wake ndani ya seli, kwa sababu kiasi kidogo sana cha mofini kilitosha kuleta matokeo makubwa.

Uthibitisho ulipatikana mwaka 1973 katika maabara tatu: ya Solomon Snyder na mwanafunzi wake Candace Pert huko Baltimore, ya Eric Simon huko New York, na ya Lars Terenius huko Uppsala, Sweden. Pert na Snyder walisaga tishu za ubongo, wakazichanganya na naloksoni yenye mnururisho, ambayo ni dawa inayoizuia mofini isifanye kazi, wakauchuja na kuuosha mchanganyiko huo, kisha wakapima mnururisho uliobaki umeshikamana na tishu. Njia hiyo ilionyesha kwamba kipokezi kipo na kipo kwa wingi gani, lakini ubongo uliokwisha kusagwa hauwezi kueleza ni seli ipi iliyokuwa nacho na ipi haikuwa nacho.

Ili kuiona seli yenyewe ilihitajika kingamwili, yaani protini ambayo mwili wa mnyama huitengeneza ili kukishika kitu kigeni kimoja na kuviacha vingine. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walibuni njia ya kuzalisha kingamwili za ukoo mmoja, ambazo hutokana na uzao wa seli moja na kufanana zote. Hata hivyo ustadi huo haukutosha, kwa kuwa kipokezi kilikuwa kichache mno, tena kimezama katika mafuta ya utando, hivyo kukitenga kikiwa safi ili mnyama adungwe nacho kulikuwa kazi ngumu. Njia ilifunguka mwaka 1992, wakati Christopher Evans huko California na Brigitte Kieffer huko Strasbourg, kila mmoja na kundi lake, walipolisoma jeni la kipokezi cha delta, ambacho ni kimojawapo cha vipokezi vitatu vikuu vya jamii hii. Vile vya mu na kapa vilifuata muda mfupi baadaye. Kipokezi cha mu cha binadamu, ambacho hushikwa na mofini na pia na methadoni wanayopewa waraibu katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kilibainika kuwa mnyororo wa asidi amino 400 unaoupenya utando wa seli mara saba, mkia wake ukiwa ndani ya seli.

Mkia huo ndio uliowafaa watafiti, kwani sehemu za kati za vipokezi hivyo vitatu zinafanana mno, ilhali mikia yao hutofautiana. Kipande kifupi cha mkia kiliundwa maabara, kikaunganishwa na protini kubwa zaidi ili mwili wa mnyama usikipuuze, mnyama akadungwa, na baadaye damu yake ikatoa kingamwili. Kipande chembamba cha ubongo au cha uti wa mgongo hulowekwa katika kingamwili hizo, huoshwa, kisha hulowekwa tena katika kingamwili za pili zilizobeba rangi ing'aayo, na kinachong'aa chini ya hadubini huhesabiwa kuwa ndicho kipokezi. Kufikia mwaka 1995 kundi la Robert Elde huko Minnesota lilikuwa limechapisha ramani za kipokezi cha mu zilizochorwa kwa njia hiyo.

Udhaifu wa njia hii ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu kingamwili inaweza kushika protini nyingine na picha ikatoka safi vilevile. Kipimo cha kweli kilipatikana mwaka 1996, kundi la Kieffer lilipotangaza panya walioondolewa jeni la kipokezi cha mu, ambao mofini haikuwatuliza maumivu tena. Kingamwili ya kweli haipaswi kuonyesha chochote katika tishu za panya wa namna hiyo. Mwaka 2009 Grégory Scherrer na wenzake walionyesha kwamba kingamwili ya delta iliyotegemewa kwa miaka mingi iliendelea kung'arisha hata tishu za panya wasio na kipokezi cha delta, jambo lililotia shaka mahitimisho mengi kuhusu njia za maumivu, na mabishano makali yakafuata. Hasara hiyo ingeweza kuepukwa mapema.

Mwaka 2011 kundi la Stefan Schulz huko Jena lilitangaza UMB-3, kingamwili ya ukoo mmoja itokanayo na sungura, inayokitambua kipokezi cha mu cha panya na cha binadamu hata katika tishu zilizohifadhiwa kwa formalini na nta, kama hospitali zinavyohifadhi. Mtafiti anayeagiza kingamwili ya aina hii leo, awe Nairobi au Boston, adai kwanza picha ya tishu ya mnyama asiye na kipokezi, na asipoipata asinunue.