Sehemu ya 4: Chumvi ya Eyasi na hesabu ya atomi

Leo tuongelee chumvi.

Sisi wa Mang'ola tumeizoea. Maji ya Ziwa Eyasi yakikauka, chumvi inabaki pembeni, mtu anakwangua tu. Zamani Wasukuma walikuja kwa misafara kutoka mbali kuichukua. Ilikuwa mali kweli kweli.

Ila chumvi ya kukwangua haijaongezwa ayodini, ile tunayoiita madini joto. Bernard Courtois wa Ufaransa aliigundua mwaka 1811 kwenye majivu ya mwani. Mwaka huohuo Amedeo Avogadro wa Italia alieleza kwamba gesi zenye ujazo sawa, kwa joto na mgandamizo uleule, zina idadi sawa ya molekuli. Wazo hilo lilifungua njia ya kuhesabu atomi kwa mizani. Mwaka 1909 Jean Perrin, naye Mfaransa, aliipa namba hiyo jina la Avogadro. Leo tunajua gramu 127 za ayodini zina atomi 6.022 × 10²³.

Hebu tuhesabu pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, yaani gramu 0.00025. Gawanya kwa 127, kisha zidisha kwa 6.022 × 10²³. Unapata kama 1.2 × 10¹⁸: bilioni moja mara bilioni moja, na zaidi! Na uzito wake haufiki hata punje ya mchele.

Zinakwenda wapi? Tezi ya shingoni inatengeneza homoni ya thairoksini, na kila molekuli yake inabeba atomi 4 za ayodini. Zikipungua, shingo ya mama inaweza kuvimba (goita), mimba inaweza kuharibika, na ubongo wa mtoto usikue vizuri. Hapo ndipo penye hasara kubwa, jamani, maana ubongo hausubiri.

Ndiyo maana miaka ya 1990 Tanzania iliweka sheria chumvi ya kula iongezwe madini joto.

Basi nunua iliyoandikwa hivyo, ifunike vizuri mbali na jua na unyevu, na itie chakula kikikaribia kuiva. Usizidishe chumvi ukidhani ndiyo kuongeza madini. Presha nayo ipo.

Pakiti yako imeandikwaje? Nenda kaangalie sasa hivi.