Deni Lililozama Baharini: Funzo la Pwani ya Oregon

Mwaka 2002 wavuvi wa jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani, walivuta mitego yao wakakuta kaa waliokufa. Agosti 2006 hali ilizidi: watafiti walipima maji ya karibu na sakafu ya bahari wakakuta sehemu zisizo na oksijeni kabisa. Kumbukumbu za vipimo vya miaka 50 iliyotangulia hazikuwa na jambo la namna hiyo.

Chanzo cha karibu ni upepo wa msimu. Kila kiangazi upepo wa kaskazini huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake, kama itokeavyo pwani ya Somalia wakati wa kusi. Maji hayo huleta rutuba inayolisha samaki. Hata hivyo, yana oksijeni haba na kaboni dioksidi nyingi, kwa sababu mabaki ya viumbe huozea humo. Hilo ni la kale. Jipya ni mchango wa binadamu: bahari imefyonza sehemu ya moshi wetu, na maji yake yamezidi kuwa na asidi.

Mwaka 2007 na 2008 kituo cha kutotolesha chaza cha Whiskey Creek, katika ghuba ya Netarts, kilipoteza mabuu kwa mamilioni. Lawama za kwanza ziliangukia bakteria. Mitambo ya kusafisha maji ikafungwa, vifo vikaendelea. Ndipo wenye kituo wakashirikiana na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon. Vipimo vya mwaka 2009 vilibainisha kuwa maji yaliyopandishwa na upepo yaliwanyima mabuu uwezo wa kujenga kombe. Kituo kikaanza kupima maji mfululizo, kuyavuta alasiri baada ya mimea ya ghuba kufyonza kaboni, na kuyatia magadi. Uzalishaji ukafufuka. Mwaka 2012 gavana wa jimbo jirani la Washington akaunda jopo la kushughulikia suala hilo.

Ndugu msomaji, lililo zito zaidi ni umri wa maji yenyewe. Maji yanayopanda leo yaliigusa hewa mara ya mwisho miongo kadhaa iliyopita. Yamebeba moshi wa zama zile. Yale yaliyozama baadaye yamebeba moshi mwingi zaidi, nayo yako njiani. Serikali huhesabu muda wake kwa chaguzi; bahari huhesabu kwa vizazi.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayepanga bajeti ya vipimo vya bahari asiihesabu kuwa anasa, kwani pasipo vipimo Whiskey Creek wangeendelea kupambana na bakteria. Lakini vipimo na magadi viliokoa mabuu walio ndani ya matangi tu. Kaa wa baharini hana wa kumtilia magadi. Kinga yake ni kupunguza moshi tunaoutoa sasa, ijapokuwa watakaofaidika ni watu ambao bado hawajazaliwa.